Uzi: Mkojo unapooteshwa maabara, kwanza tunahesabu, ndipo tunataja jina

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi ya maabara hapa Nairobi, muda mwingi nikiwa kwenye meza ya kuotesha vimelea, na swali ambalo majirani na jamaa huniuliza kuliko yote ni hili: inakuwaje zahanati ya mtaani imwambie mtu kwamba ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ndani ya dakika kumi, ilhali maabara nyingine inamwambia arudi baada ya siku mbili au tatu, na mkojo ni uleule? Nimeona nilijibu hapa kwa mapana, kwa kuwa jibu la kusimama mlangoni halitoshi.

Kinachofanyika kwa dakika kumi ni kuchovya kijiti chenye vibandiko vya rangi, na pengine kuangalia tone la mkojo kwa hadubini. Kijiti hakimtafuti bakteria mwenyewe, bali hutafuta nyayo zake. Kibandiko kimoja hubadilika rangi kikikutana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, ambayo ni dalili kwamba mwili unapambana na kitu. Kingine hubadilika kikikutana na nitriti, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitengeneza kutokana na nitrati iliyomo kwenye mkojo wa kawaida. Kazi hiyo ya kugeuza huhitaji muda, kiasi cha saa nne mkojo ukiwa kibofuni, kwa hiyo mtu anayekwenda msalani kila nusu saa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe anaweza kupimwa akaonekana hana kitu. Tena wako bakteria, Enterococcus wakiwemo, ambao hawaigeuzi nitrati hata wakilala nayo usiku kucha. Sikidharau kijiti, kwa kuwa kinasaidia sana kuamua ni mkojo upi unastahili kuendelea mbele. Hata hivyo hakiwezi kumtaja mhusika kwa jina, wala kusema ni dawa ipi itakayomwondoa.

Kuotesha ni jambo jingine. Hapo tunachukua kiasi kidogo cha mkojo, tunakipaka juu ya agari, yaani chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli, iliyomo kwenye sahani ya Petri, tunaiweka sahani ndani ya inkubeta yenye nyuzijoto 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha tunaangalia kilichoota. Bakteria mmoja asiyeonekana huzaana hapo alipotua mpaka anakuwa kijidoa tunachokiita koloni, kinachoonekana kwa macho. Wengi hudhani kwamba swali letu la kwanza asubuhi ya pili ni "huyu ni nani?" Sivyo. Swali la kwanza ni "wako wangapi?"

Sababu yake ni njia ambayo mkojo hupitia. Zamani tulifundishwa kwamba mkojo ulioko kibofuni hauna kiumbe chochote. Siku hizi inafahamika kwamba hata kibofu cha mtu mwenye afya kinaweza kuwa na bakteria wachache ambao mbinu zetu za kila siku haziwaoteshi. Hata tukiliacha hilo kando, mkojo ukitoka lazima upite penye ngozi na utando ambako bakteria huishi kwa amani bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo karibu kila kikopo kinacholetwa mezani kina chochote ndani yake, na kama tungekuwa tunaandika tu "bakteria wameota", nusu ya jiji hili ingekuwa inameza dawa bila sababu.

Kipimo chetu cha kuhesabia ni kitanzi cha waya au cha plastiki, ambacho kimetengenezwa ili kibebe mikrolita moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Kinachovywa kikiwa wima, kwa sababu kikilazwa hubeba mkojo zaidi ya kipimo na hesabu yote huharibika. Kama kitanzi ni cha waya, lazima kiachwe kipoe baada ya kuchomwa motoni, la sivyo kitawaua walewale tunaowatafuta. Mkojo hupakwa mstari mmoja katikati ya sahani, kisha kitanzi kilekile hupitishwa kwa kukatiza mstari huo kutoka juu hadi chini, ili koloni ziote zikiwa zimeachana. Koloni moja kesho yake ina maana ya bakteria 1,000 katika kila mililita ya mkojo, na koloni 100 zina maana ya 100,000. Anayetumia kitanzi cha mikrolita kumi huzidisha kwa 100 badala ya 1,000, na nimewahi kuona majibu yaliyokosewa mara kumi kwa sababu tu mtu alibadilisha kitanzi bila kubadilisha hesabu.

Hiyo 100,000 haikutoka hewani. Mwaka 1956 daktari Mmarekani Edward Kass alilinganisha mikojo ya wanawake waliokuwa na maambukizi ya figo na ya wanawake wasiokuwa na dalili, akaona kwamba idadi hiyo hutenganisha vizuri maambukizi ya kweli na uchafu wa njiani. Tangu hapo tarakimu hiyo imebandikwa katika kuta za maabara duniani kote, wakati mwingine kwa ukaidi kuliko alivyokusudia mwenyewe, na najua wapo humu watakaonikosoa juu yake.

Sasa fikirini kuhusu muda. Escherichia coli, ambaye ndiye anayesababisha takriban robo tatu au zaidi ya UTI za kawaida, akipata joto na chakula vinavyomfaa hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Kwenye mkojo huenda taratibu zaidi, lakini tuchukue kasi hiyo kama mfano wa hali mbaya kabisa. Bakteria wa ngozini walioingia kikopo saa mbili asubuhi wakiwa 1,000 kwa kila mililita watakuwa 64,000 saa nne, na wakiongezewa dakika 20 tu wanakuwa 128,000. Wamevuka mstari wa Kass bila mgonjwa kuwa na ugonjwa wowote. Kikopo hicho kilikuwa kwenye mkoba wa mtu aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, juani. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mkojo ufike ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji ya nyuzijoto 4 kwa muda usiozidi saa 24. Vipo vikopo vyenye unga wa asidi ya boriki unaowazuia bakteria wasizaane bila kuwaua, ila ni lazima vijazwe mpaka kwenye mstari, kwa kuwa mkojo ukiwa kidogo asidi huwa kali mno na huanza kuwaua.

Baada ya kuhesabu, ndipo tunapotafuta jina. Hapo aina ya agari hutusaidia kabla hata hatujafanya kipimo kingine. Maabara nyingi hutumia agari ya CLED, ambayo ina sukari ya laktosi, ina kiasi kidogo sana cha chumvi, na ina rangi inayogeuka kutoka kibichi kuwa manjano pakiwa na asidi. E. coli huila laktosi na kutoa asidi, kwa hiyo koloni zake ni za manjano. Klebsiella naye huwa wa manjano au mweupe kidogo, lakini koloni zake ni kubwa na zina ute, ukizigusa kwa kitanzi zinavutika kama mrenda. Proteus hali laktosi, kwa hiyo huonekana wa buluu, akiangaza. Pseudomonas huleta ukijani wake na harufu tamu ambayo ukishaizoea huisahau kamwe. Enterococcus ni vijidoa vidogo vya manjano, nusu milimita hivi. Wengine hutumia agari ya MacConkey, yenye chumvi za nyongo, ambako walaji wa laktosi huwa wa rangi ya waridi, pamoja na agari ya damu ambayo haimkatai karibu yeyote.

Rangi peke yake si jina. Kutoka kwenye koloni moja iliyojitenga tunafanya vipimo vidogovidogo. E. coli akioteshwa kwenye mchuzi wenye triptofani, ukimdondoshea kitendanishi cha Kovacs, pete nyekundu hujitokeza juu. Hicho ndicho kipimo cha indoli. Klebsiella pneumoniae haitoi pete hiyo, lakini hugeuza agari ya sitrati kutoka kibichi kuwa buluu, jambo ambalo E. coli hawezi, na tena hatembei wakati E. coli hutembea. Proteus huivunja urea kwa haraka kiasi kwamba bomba huwa la waridi baada ya saa chache tu. Pseudomonas hugeuza kipimo cha oksidasi kuwa zambarau kwa sekunde. Kwa wale wa Gram chanya, yaani wanaobaki na zambarau ya rangi ya Gram chini ya hadubini, povu la katalasi humtenga Staphylococcus na Enterococcus, ila usichukue koloni pamoja na agari ya damu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi na zitakudanganya.

Mwisho ni kipimo cha dawa. Koloni huchanganywa na maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na bomba la McFarland 0.5, ambao ni sawa na bakteria milioni 150 hivi kwa mililita, hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4, huwekwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, na kesho yake hupimwa duara lisiloota kitu. Njia hii ilisanifishwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966. Agari ikiwa nene kupita kiasi duara hupungua, na bakteria anayekubali dawa huonekana sugu. Ukijumlisha, siku ya kwanza ni ya kupaka, ya pili ya kuhesabu na kuanza vipimo, na ya tatu ya kusoma dawa. Hizo ndizo siku tatu mnazolalamikia.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa watoto wawili

Asante sana kwa maelezo. Mtoto wangu wa miezi minane alikuwa na homa, mkojo ukakusanywa kwa kifuko kinachobandikwa, na baada ya siku mbili nikapewa karatasi iliyoandikwa "ukuaji mchanganyiko, rudia sampuli". Nililipa, nikakosa siku mbili za kazi, na sikupata jibu. Kwa nini msiandike tu walioota ni akina nani, daktari achague mwenyewe?

Mleta uzi

Pole, dada, kwa gharama na kwa hofu ya mtoto mwenye homa. Nitakueleza bila kuitetea maabara hiyo.

Tukiona aina tatu au zaidi za koloni kwenye sahani moja, na hakuna hata moja inayotawala, uwezekano mkubwa ni kwamba tunaangalia ngozi na wala si kibofu. Kifuko cha kubandika hugusa ngozi ya sehemu za siri na mara nyingi choo kikubwa, kwa hiyo kwa watoto wadogo ndicho kinachotupa majibu ya aina hiyo kuliko njia nyingine yoyote. Tukiwataja wote watatu na dawa zao, daktari aliyebanwa na foleni ya wagonjwa anaweza kumtibu mtoto kwa bakteria ambaye hajawahi kufika kibofuni. Kifuko kisichoota chochote kinaaminika, kwa kuwa kimeondoa shaka, lakini kilichoota hakiaminiki kivyake. Kwa mtoto wa umri huo, mkojo unaofaa kuoteshwa hukingwa katikati ya mkondo na mtu aliyeshika kikopo kwa subira, au hutolewa na mhudumu kwa mrija mwembamba, au kwa sindano kupitia juu ya kinena. Huo wa sindano haupiti kwenye ngozi chafu, na kwa hiyo hata idadi ndogo ya bakteria wa Gram hasi huhesabiwa kuwa maambukizi.

Lililokosekana kwako ni mtu wa kukueleza hayo siku ya kwanza, kabla ya kifuko kubandikwa. Hapo una haki ya kulalamika.

Daktari wa kliniki

Mleta uzi umeeleza vizuri, lakini naomba nikupinge kwenye hiyo 100,000. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake walionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye maumivu makali wakati wa kukojoa, hata bakteria 100 kwa mililita wa jamii ya E. coli wanaweza kuwa ndio chanzo. Nimepokea majibu ya "hakuna ukuaji wa maana" kwa wagonjwa ambao walikuwa wanaumwa waziwazi. Je, maabara haziui ukweli kwa tarakimu?

Mleta uzi

Daktari, sina ubishi na Stamm. Kass aliwachunguza wenye maambukizi ya figo na wasio na dalili, Stamm akawachunguza wenye dalili za kibofu, na kila mmoja alipata jibu la swali lake. Kosa linakuja pale maabara inapotumia jibu la swali moja kujibia yote.

Ila nikuonyeshe upande wetu wa meza. Kwa kitanzi cha mikrolita moja, bakteria 100 kwa mililita ni sehemu moja ya kumi ya koloni. Maana yake, sahani tisa kati ya kumi zitakuwa tupu. Hata kwa kitanzi cha mikrolita kumi utapata koloni moja tu, na koloni moja inaweza kuwa imeanguka kutoka hewani. Ili nitafute idadi hiyo kwa uaminifu lazima nijue mapema kwamba mgonjwa ana dalili, nitumie kitanzi kikubwa, na pengine niiache sahani hadi saa 48. Nitajuaje, ikiwa fomu iliyoletwa imeandikwa neno "mkojo" na sahihi isiyosomeka? Fomu nzuri ina umri, jinsia, dalili, namna mkojo ulivyokusanywa na saa yake, kama mgonjwa ana mrija wa mkojo, kama ni mjamzito, na kama ameshameza antibiotiki. Hilo la mwisho ni kubwa hapa Nairobi, ambako mtu hupitia kwanza kwa kemisti wa mtaani akanunua vidonge vichache, na ninapopokea mkojo wake dawa imo ndani yake, inaendelea kuwazuia bakteria juu ya agari yangu.

Na kwa mjamzito hesabu hubadilika tena. Yeye hutafutwa bakteria hata bila dalili, kwa sababu maambukizi ya kimyakimya yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na Streptococcus wa kundi B huripotiwa kwake hata akiwa wachache.

Fundi wa maabara, Limuru

Mwenzetu, swali la kiufundi. Tunajitengenezea agari wenyewe. Tunafuata maelekezo yote, otoklevu yetu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke) ya kizamani yenye saa ya mgandamizo inafika pauni 15 kwa dakika 15, na bado kila baada ya majuma machache tunapata kundi zima la sahani zilizoota ukungu na bakteria kabla hata hatujazitumia. Maji, unga, sahani, vyote tumebadilisha.

Mleta uzi

Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa na mimi liliwahi kunisumbua, na jibu liko kwenye mlima mliokaa juu yake.

Pauni 15 katika vitabu ni za mahali palipo usawa wa bahari, kama Mombasa, ambako hizo hutoa mvuke wa nyuzijoto 121. Saa ya mgandamizo ya mtambo wa kizamani haipimi mgandamizo wote uliomo ndani, bali hupima tofauti iliyopo kati ya ndani na hewa ya nje. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Maji yenyewe huchemka hapa kwenye nyuzijoto 94 hivi. Kwa hiyo ili ndani kufike 121, saa hiyo inapaswa kusoma karibu pauni 18 hapa Nairobi, na kwenu Limuru zaidi kidogo. Mkiishia 15, mnapika agari kwa joto pungufu, na vijidudu vyenye mbegu ngumu vinabaki hai humo vikisubiri kupoa. Kabla hamjaongeza lolote, hakikisheni mtambo wenyewe umeidhinishwa kubeba mgandamizo huo. Kama haukuidhinishwa, ongezeni dakika badala ya pauni, kisha mthibitishe.

Uthibitisho wenyewe usiwe ule utepe unaobadilika rangi, kwa kuwa huo husema tu kwamba joto limepita. Tumieni kichupa cha mbegu za Geobacillus stearothermophilus. Zikiota baada ya kupikwa, mtambo haujafanya kazi. Na kila kundi jipya la sahani lipimwe kwa bakteria mnaowajua, kama E. coli ATCC 25922, kabla ya kupakwa mkojo wa mgonjwa.

Kwa kuwa tumeitaja agari, niongeze moja la pembeni. Wengi wa Pwani wanaamini kwamba mwani unaolimwa Zanzibar na Kwale ndio unaotengenezwa agari yetu. Ule kwa kawaida hutoa karajinani, inayotumiwa kugandisha vyakula na dawa za meno. Agari ni ya mwani wa jamii nyingine, Gelidium na Gracilaria, na aliyependekeza itumike maabara mwaka 1881 alikuwa Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kwake kugandishia vyakula vitamu. Kabla yake walikuwa wakitumia jelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto la inkubeta.

Mchangiaji

Mbona haya yote ya pete na rangi wakati kuna mashine? Wekeni mkojo kwenye mashine, itoe jina.

Mleta uzi

Mashine zipo, na ninazipenda. VITEK 2 husoma makumi ya vipimo kwa pamoja, na ile ya MALDI-TOF hutambua protini za bakteria na kutoa jina kwa dakika chache. Lakini zote mbili, kama zinavyotumiwa kila siku, huomba koloni safi ya aina moja, iliyoota kwenye sahani. Anayezilisha mchanganyiko hupata jina la uongo lililochapishwa vizuri. Kwa hiyo sahani ya usiku mmoja haiepukiki, na hesabu ya koloni bado ni kazi ya macho ya mtu au ya kamera.

Mwanafunzi wa maabara

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko mwaka wa mwisho, nafanya mafunzo kwa vitendo. Juzi nilipaka mkojo wa mgonjwa wa kiume mwenye mawe ya figo kwenye agari ya damu peke yake, kwa kuwa CLED ilikuwa imekwisha. Asubuhi nikakuta mawimbi yamefunika sahani nzima, yenye harufu kali kama ya samaki. Nikafanya urea, ikawa ya waridi kabla ya saa tatu kupita. Nimeandika "Proteus mirabilis, zaidi ya 100,000". Msimamizi amekataa kutia sahihi na hakunieleza sababu, ameniambia nikafikiri.

Mleta uzi

Marahaba. Msimamizi wako ni mwalimu mzuri, na sitakuharibia somo lote, lakini nitakusogeza.

Jina huenda ni sahihi. Proteus na mawe ya figo hutembea pamoja, kwa kuwa anapoivunja urea hutoa amonia, mkojo hupoteza uasidi wake, na madini ya magnesiamu na fosfati hujikusanya yakawa mawe. Lakini rudi kwenye kichwa cha uzi huu. Uliandika zaidi ya 100,000. Ulihesabu koloni zipi? Proteus akitambaa hakuna koloni, kuna pazia. Bakteria mmoja na bakteria laki moja wanaweza kukupa sahani inayofanana. La pili, chini ya pazia hilo unajuaje kwamba hakuna mwingine? Upungufu wa chumvi kwenye CLED ndio unaomzuia asitambae. MacConkey nayo humzuia kwa chumvi za nyongo. Kama mkojo ulihifadhiwa kwenye friji na bado haujamaliza saa 24, upake upya leo. Kama umezipita, omba mwingine. Na "mirabilis" umeijuaje bila indoli?

Mwanafunzi wa maabara

Mwalimu, nimerudi baada ya siku kadhaa. Mkojo wa kwanza ulikuwa umepita saa 24, tukamwomba mgonjwa mwingine, na CLED ilikuwa imefika. Nilitumia kitanzi cha mikrolita moja. Koloni za buluu zilikuwa zaidi ya 100, hazikutambaa kabisa. Katikati yake nikakuta za manjano, nikazihesabu zikawa zaidi ya 100 pia. Nimezitenga kila moja kwenye sahani yake. Ya buluu: urea waridi, indoli hasi, kwa hiyo ni mirabilis. Ya manjano: indoli pete nyekundu, sitrati imebaki kibichi, inatembea. Ni E. coli. Msimamizi amesema niwapime dawa wote wawili. Nitrofurantoini imeonyesha duara kubwa kwa E. coli na hakuna duara kwa Proteus. Nilidhani nimekosea kuweka kidonge.

Mleta uzi

Hukukosea. Proteus ni sugu kwa nitrofurantoini kwa maumbile yake, hata asiyewahi kukutana nayo. Kwa hiyo kama ungepata koloni za manjano tu, daktari angeweza kuichagua dawa hiyo na kumwacha Proteus akiendelea kujenga mawe. Na kwa jibu lako la kwanza, E. coli asingejulikana kabisa kwamba yupo. Andika wote wawili, kila mmoja na idadi yake na dawa zake.

Jambo moja kabla hujapima maduara mengine ya Proteus. Kwenye Mueller-Hinton anaweza kutambaa tena kidogo na kuingiza utando mwembamba ndani ya duara ambalo kingo zake zinaonekana wazi. Utando huo usiuhesabu. Weka rula kwenye ukingo wa ukuaji mzito.